Kiu na Kidonge: Figo Isibebeshwe Mizigo Miwili

Ushauri wa kunywa maji mengi ili kulinda figo umezoeleka hata hauulizwi tena. Hutolewa kliniki, hurudiwa redioni, na hupokezanwa baina ya ndugu na majirani kama jambo lisilohitaji ufafanuzi. Nia yake ni njema, lakini una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba haumfai kila mtu: mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, na yule ambaye figo zake zimeshindwa kazi naye anasafishwa damu kwa mashine, wote huweza kudhurika kwa maji mengi. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba ushauri huo unanyamazia hatari ambayo wahudumu wa afya wangeweza kuizuia kila siku kwa maswali machache. Figo yenye afya imeumbwa kustahimili kiu ya saa nyingi. Lililo gumu kwake ni kiu inayoandamana na dawa za maumivu, kwa kuwa dawa hizo huzima mojawapo ya kinga ambazo seli za figo huzitegemea wakati wa kiu.

Uzito wa hoja hiyo hauonekani mpaka ieleweke kazi inayofanyika ndani ya figo mwili unapokosa maji. Ni kazi ya kimyakimya, isiyoleta maumivu wala dalili, na pengine ndiyo sababu haithaminiwi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa seli za figo nao huonekana mwepesi kwa asiyeubeba.

Ukolezi unaoshinda wa bahari

Katika siku moja figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu, yakiwa na karibu kilo moja na nusu ya chumvi. Asilimia 99 ya maji na chumvi hiyo hurudishwa mwilini, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu tu. Ili kurudisha maji kwa kiasi hicho, figo imejijengea katika sehemu yake ya ndani, iitwayo medula, eneo lenye ukolezi mkubwa wa chumvi na urea. Maji huvutwa kutoka katika mirija ya mkojo kuelekea eneo hilo kwa osmosisi, yaani mwendo wa maji kutoka palipo na ukolezi mdogo wa vitu vilivyoyeyuka kwenda palipo na ukolezi mkubwa. Mwaka 1951 watafiti wa Basel nchini Uswisi, wakiwamo Werner Kuhn na Heinrich Wirz, walieleza jinsi ukolezi huo unavyopatikana: mirija ya figo hushuka ndani ya medula kisha hupanda tena sambamba na njia ya kushukia, na katika kupanda huachia chumvi, hata chumvi hiyo ikalundikana kadiri medula inavyoelekea nchani.

Ukolezi wa damu ya kawaida ni takriban miliosmoli 290 kwa kila kilo ya maji. Ule wa maji ya bahari ni takriban miliosmoli 1,000. Katika ncha ya medula ya mtu mwenye kiu, ukolezi huweza kufika miliosmoli 1,200. Seli za mahali hapo, kwa hiyo, huishi katika majimaji yaliyokolea kuliko Bahari ya Hindi, ijapokuwa sehemu kubwa ya ukolezi huo ni urea wala si chumvi peke yake.

Faida yake ni kubwa. Kila siku mwili hulazimika kutoa kwa njia ya mkojo takriban miliosmoli 600 za taka na chumvi. Figo inayoweza kukoleza mkojo hadi 1,200 huzitoa kwa nusu lita ya maji. Figo isiyoweza kuupita ukolezi wa damu huhitaji zaidi ya lita mbili kwa kazi ileile. Tofauti hiyo ya lita moja na nusu ndiyo inayomwezesha mfugaji kufika kisimani, mvuvi kurudi pwani, na mfungaji kufika magharibi akiwa salama.

Kinga inayohitaji muda

Swali ni jinsi seli zinavyosalimika mahali kama hapo. Anayetengeneza ng'onda anajua kinachotokea nyama ya samaki inapokutana na chumvi: maji hutoka na nyama husinyaa. Seli ya medula nayo, chumvi inapoongezeka nje yake, hupoteza maji na kusinyaa. Katika dakika za mwanzo hujiokoa kwa kuingiza ndani ayoni za chumvi, maji yakazifuata, nayo ikarudia ukubwa wake. Lakini nafuu hiyo ni ya mkopo. Chumvi ikizidi ndani ya seli huvuruga umbo la protini na kazi za vimeng'enya. Maabara ya Maurice Burg, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ilionyesha kwamba ukolezi mkubwa wa chumvi huvunja hata nyuzi za DNA zinazobeba vinasaba.

Seli hulipa mkopo huo kwa kubadilisha chumvi iliyoingia kwa vitu vyenye uwezo uleule wa kuzuia maji yasitoke, lakini visivyodhuru protini. Vilivyo vikuu ni vitano: sorbitoli, inositoli, betaini, taurini na gliserofosfokolini. Sorbitoli hutengenezwa na seli yenyewe kutokana na glukosi; betaini, inositoli na taurini huingizwa kutoka nje kupitia milango maalumu. Msimamizi wa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni protini iitwayo TonEBP, ambayo pia hujulikana kama NFAT5, iliyotambuliwa mwaka 1999. Ukolezi unapopanda, protini hiyo huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni za kutengeneza na kuingiza vitu hivyo, pamoja na jeni za protini zinazonyoosha protini nyingine zilizopotoka. Betaini na gliserofosfokolini zina kazi ya ziada ya kupunguza madhara ya urea, ambayo hupenya ndani ya seli kwa urahisi na kulegeza protini.

Jambo ambalo mhudumu wa afya anapaswa kuliweka akilini ni muda. Ghala hilo la vitu vya kujikinga halijai kwa dakika. Huhitaji saa nyingi, na pengine siku. Kulimwaga, kinyume chake, ni kazi ya muda mfupi: mtu anapokunywa maji baada ya kiu ndefu, seli hulazimika kutoa akiba hiyo haraka ili zisivimbe na kupasuka. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba seli za medula zilizoongezewa ukolezi polepole hustahimili kiwango ambacho huua seli zilizopandishwa ghafla. Seli hizi, kwa ufupi, hustahimili hali ngumu mno, alimradi hali hiyo isiwajie kwa kishindo na alimradi silaha zao zisichukuliwe.

Kidonge kinapoingia

Silaha mojawapo ndiyo inayochukuliwa na dawa za maumivu. Ingawa figo hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, sehemu kubwa ya damu hiyo huenda katika gamba la nje. Medula hupata takriban asilimia 10 tu. Shinikizo la oksijeni katika gamba ni kama milimita 50 za zebaki, ilhali katika medula ni kati ya 10 na 20. Seli za medula hufanya kazi nzito ya kusukuma chumvi zikiwa na pumzi ndogo. Katika mazingira hayo prostaglandini husaidia kwa namna mbili: hutanua mishipa midogo inayopeleka damu medula, na huzisaidia seli zilizo katikati ya mirija kubaki hai wakati wa ukolezi mkubwa. Ukolezi wenyewe, unapopanda, huamsha kimeng'enya kiitwacho COX-2 ili prostaglandini zaidi zitengenezwe.

Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao hutuliza maumivu kwa kukizuia kimeng'enya hicho. Dawa haina macho ya kutofautisha goti lililovimba na figo iliyo katika kiu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wanyama wa maabara walinyimwa maji na kupewa dawa inayozuia COX-2. Seli za medula zilizostahili kustahimili ukosefu huo wa maji zilikufa. Isitoshe, mwili unapopungukiwa maji, prostaglandini ndizo zinazosaidia kuuacha wazi mshipa unaoingiza damu katika vichujio vya figo. Zikizuiwa, mshipa hubana, uchujaji hushuka, na mkojo hupungua.

Hatari huongezeka mgonjwa anapokuwa na dawa za presha. Dawa za jamii ya enalaprili na losartani hulegeza mshipa unaotoa damu katika kichujio, na dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini. Kila moja ina manufaa makubwa kwa mahali pake. Zikijumuika na diklofenaki, kichujio hubanwa mlango wa kuingilia na kulegezwa mlango wa kutokea, huku damu yenyewe ikiwa imepungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliochunguza kumbukumbu za wagonjwa wa presha 487,372 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba mjumuiko wa dawa hizo tatu uliambatana na ongezeko la asilimia 31 la figo kushindwa ghafla, na kwamba katika siku 30 za mwanzo ongezeko hilo lilifika asilimia 82. Mgonjwa wa presha anayeongezewa dawa ya maumivu ya kiuno hupaswa kuangaliwa kwa karibu kuanzia wiki ya kwanza, bila kusubiri kliniki ya mwezi wa tatu.

Historia imeshatoa somo la jinsi hii. Mwaka 1953 madaktari wa Uswisi walieleza madhara ya figo kwa watu waliotumia kwa muda mrefu dawa za maumivu za mchanganyiko zenye fenasetini. Ncha za medula, pale penye ukolezi mkubwa kuliko pote, ndipo palipokufa kwanza. Fenasetini ni dawa tofauti na diklofenaki, na ilikuja kuondolewa sokoni, Marekani ikifanya hivyo mwaka 1983. Lakini somo lake halijachakaa: dawa inayouzwa kwa urahisi, inayoonekana ya kawaida, huweza kuharibu kiungo kimya kwa miaka kabla mtu hajajua.

Walio karibu zaidi na hatari

Kiu na kidonge hukutana kwa wepesi zaidi kwa watu ambao kazi yao ni jua. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador walitoa taarifa ya wagonjwa waliofika hospitali figo zikiwa zimeshindwa, ilhali wengi wao hawakuwa na kisukari wala presha. Walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanaume waliofanya kazi mashambani. Maradhi hayo yamewapata hasa wakata miwa wa Amerika ya Kati, na joto kali pamoja na upungufu wa maji unaojirudia kila siku ni miongoni mwa visababishi vinavyotajwa mno, kando ya kemikali za mashambani. Kuna nadharia inayodai kwamba kinga yenyewe ya seli, yaani utengenezaji wa sorbitoli, ikilazimishwa kila siku huishia kuzalisha fruktosi ndani ya figo na kuidhuru mirija. Nadharia hiyo ingali inajadiliwa, lakini hatua zilizochukuliwa huko zinaeleweka kwa kila mtu: maji, kivuli na mapumziko.

Afrika Mashariki ina wakata miwa wake, na ina mashamba ya chumvi pwani, ambako watu hukwangua chumvi chini ya jua lisilo na mti. Mtu wa kazi hiyo huumwa mgongo, na dawa ya mgongo hupatikana duka la jirani kwa bei ndogo. Wapo pia akina mama wauza bidhaa sokoni wanaojinyima maji kwa makusudi kwa sababu choo kiko mbali au hakiingiliki. Kumwambia mama huyo anywe maji mengi bila kuuliza habari ya choo ni kumtwisha lawama badala ya kumsaidia.

Wagonjwa wa selimundu wanastahili kutajwa peke yao, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye maradhi hayo duniani. Medula, kwa uchache wa oksijeni na wingi wa ukolezi, ndiyo mahali ambapo chembe nyekundu za selimundu hujipinda na kuziba mishipa kwa urahisi. Watoto wengi wenye selimundu hupoteza mapema uwezo wa kukoleza mkojo. Hukojoa mkojo mwingi na mwepesi, wengine hukojoa kitandani na kuadhibiwa kwa kosa lisilo lao, na hupungukiwa maji upesi wapatapo homa au kuharisha. Hao ndio ambao maumivu yao makali huwafanya wapewe diklofenaki mara kwa mara.

Mfungo wa Ramadhani nao haustahili kutishwa wala kupuuzwa. Mtu mwenye figo nzima hukoleza mkojo mchana na kurudisha maji usiku. Mwenye maradhi ya figo, selimundu, au anayetumia dawa za presha azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Na anayeumwa viungo ajue kwamba kumeza ibuprofeni wakati wa daku, kisha kushinda juani bila maji, ni kuiacha dawa ifanye kazi saa zilezile ambazo figo inajitegemea.

Maumivu nayo yana haki

Zipo hoja za kupinga, na zina uzito. Maumivu ni mateso ya kweli, na mgonjwa wa selimundu aliye katika maumivu makali hawezi kuambiwa avumilie kwa ajili ya seli asizoziona. Dawa hizi ni nafuu, zinafanya kazi, na watu wengi huzitumia siku chache bila kudhurika. Tena zahanati yenye foleni ndefu haina nafasi ya kupima kreatinini ya kila mwenye kiuno.

Hoja hizo zinadai utaratibu mwepesi, wala hazihalalishi kimya. Hakuna anayetaka diklofenaki ipigwe marufuku. Kinachotakiwa ni kutoitoa kabla ya kuuliza mambo matatu. Je, mgonjwa anaharisha, anatapika, ana homa, anafanya kazi juani, au mkojo wake umekuwa mchache na wa rangi nzito? Je, anatumia dawa za presha, za moyo au za kuongeza mkojo? Je, ana maradhi ya figo, kisukari, selimundu, au ni mzee ambaye hisia ya kiu imepungua? Jibu moja la ndiyo linatosha kumfanya mhudumu asite: aanze kwa parasetamoli kwa kipimo sahihi, arudishe maji kwanza, au amtume mgonjwa mahali penye kipimo cha figo. Kwa mwenye selimundu, maumivu makali yatibiwe kwa dawa zenye nguvu zisizozuia prostaglandini, kama mofini, mahali zinapopatikana, na maji yarudishwe kwa uangalifu.

Mgonjwa wa presha naye afundishwe siku anapopewa dawa, angali mzima, nini cha kufanya akipatwa na kuharisha: asiongeze dawa ya maumivu kwa hiari yake, aanze ORS mapema, na afike kituoni siku hiyohiyo ili ashauriwe kuhusu dawa zake, badala ya kuziacha au kuziendeleza kwa kubahatisha. ORS ina sababu ya kutajwa kwa jina. Mchanganyiko wake wa sasa, uliokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, una ukolezi wa miliosmoli 245 kwa lita, chini kidogo ya ule wa damu, ili maji yaingie mwilini kwa wepesi. Anayeikoroga kwa maji pungufu akidhani ataipa nguvu huipindua hesabu hiyo, na maji huweza kuvutwa kutoka mwilini kuelekea utumboni.

Waajiri wa kazi za juani wana sehemu yao, na wasimamizi wa masoko wana yao: maji yaliyo karibu, kivuli, muda wa kupumzika, na choo kinachoingilika ni vifaa vya kulinda figo kama zilivyo dawa.

Lililo rahisi kuliko yote liko mikononi mwa wauzaji na wafamasia. Dawa nyingi hutolewa katika kibahasha kilichoandikwa idadi ya vidonge na mara za kumeza. Kwenye kibahasha cha diklofenaki na ibuprofeni iongezwe sentensi moja ya Kiswahili: usimeze dawa hii ukiwa unaharisha, unatapika au umeishiwa maji mwilini. Mteja ataisoma nyumbani, mahali ambapo hakuna daktari wa kumuuliza, pengine usiku ambao kuharisha kumeanza na mgongo bado unauma. Kuiandika hakuhitaji bajeti wala mashine, na kila duka la dawa linaweza kuanza leo.